Kukabwa usingizini: miaka miwili sikupokea simu ya shangazi yangu kwa sababu ya jinamizi

MwokaMikate (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa zangu shikamooni.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Leo nauachia, kwa sababu kuna mdogo wangu wa kazini ananiambia kila akilala kuna kitu kinamkaba, ameshaanza kuwatilia shaka wapangaji wenzake, na huku anafuata mafunzo ya mtu anayesema ukikesha siku tatu mfululizo utaamka kiroho. Yote mawili yamepita kwenye mwili wangu. La kwanza nusura linipotezee ndugu.

Mwaka 2016 nilikuwa na miaka 24, nikapata kazi kwenye bekari moja hapa Dar, shifti ya usiku. Tunaingia saa tatu usiku, tunakanda, tunakata madonge, tunapanga trei, na saa kumi na moja alfajiri magari ya kusambaza yanapakia. Nilikuwa nafika ghetto Buguruni kama saa moja asubuhi, nakunywa chai, najitupa kitandani chali na feni juu yangu. Chumba kimoja, bati bila dari, dirisha nimeliziba kwa kitenge cha kahawia ili mwanga usiingie.

Siku ya kwanza kunitokea nilimsikia muuza samaki anapita uchochoroni anaita wateja. Nilimsikia vizuri kabisa. Macho yangu yalikuwa wazi, naiona feni inazunguka, naona kitenge kinapepea. Nikataka kugeuka. Mwili ukagoma. Mkono haukwenda, shingo haikwenda, hata kidole. Halafu nikajua kuna mtu mlangoni. Sikumwona. Nilijua tu, kama unavyojua kwamba mtu amesimama nyuma yako kwenye foleni. Akaja. Godoro likabonyea upande wa miguu, kisha uzito ukapanda taratibu mpaka kifuani. Nilitaka kusema Bismillah, ulimi ulikuwa kama donge lisilotiwa maji ya kutosha. Nikasema moyoni, ndiyo nakufa hivi. Ghafla kama mtu amekata kamba, nikajikuta nimekaa, jasho linatiririka, na yule muuza samaki bado anaita. Hajafika hata mwisho wa uchochoro.

Ikawa mara moja kwa mwezi. Ikawa kila wiki. Nilikwenda kwa ustadhi, akanisomea na nikanywa kombe, nikapata siku kadhaa za utulivu. Nilifukiza ubani. Nilihama chumba, kikanifuata huko huko. Mwisho rafiki akanipeleka kwa mganga nje ya mji. Yule mzee aliniuliza sana habari za ukoo, akanyamaza kidogo, akasema kinachonikaba kimetumwa na mwanamke wa upande wa baba anayenijua tangu mdogo.

Mwanamke wa namna hiyo kwangu ni mmoja. Shangazi yangu wa Muheza, aliyenilea tangu nina miaka minne baada ya mama kufariki. Nilitoa laki tatu na nusu za kufunga njia, na simu zake nikaacha kupokea. Alikuwa anapiga kila Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri. Simu inaita juu ya meza mpaka inakata, mimi naiangalia. Miaka miwili.

Na jinamizi likaendelea kuja vilevile.

MwokaMikate

Naendelea.

Mwaka 2019 nilikwenda zahanati kwa ajili ya maumivu ya kichwa. Tabibu alikuwa kijana, pengine mdogo kwangu. Katika maongezi nikamgusia habari za kukabwa, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Aliniuliza mambo matatu ambayo kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza: unalala saa ngapi, unalala vipi, na kinakuja wakati unapotelea usingizini au wakati unaamka? Nikamjibu. Akageuza karatasi ya dawa, akachora mstari unaopanda na kushuka kama vilima, akaanza kunieleza. Mengine nimejisomea baadaye, na nayaleta kwa lugha yetu.

Usingizi una hatua, na zinajirudia kwa mizunguko ya kama dakika 90. Kuna hatua moja ambayo macho yanachezacheza haraka chini ya kope, na hapo ndipo ndoto nzito zinapootwa. Waliolitangaza jambo hilo ni Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1953. Miaka michache baadaye Michel Jouvet huko Lyon, Ufaransa, akichunguza paka, akaona kwamba katika hatua hiyo ubongo unachangamka karibu kama wa aliye macho, lakini misuli imelegea kabisa. Shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, linatuma amri ya kuifunga mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Kemikali zinazofanya kazi hiyo ni glaisini na GABA. Ni ulinzi. Bila kufungwa huko, ukiota unakimbizwa na mbwa ungeinuka ukiwa usingizini na kukimbia kweli, ukaupiga ukuta.

Sasa kuna wakati akili inaamka kabla amri haijaondolewa. Umeamka, mwili bado umelala. Basi. Hilo ndilo jinamizi.

Kwa nini kifuani? Hapa ndipo nilipomuomba arudie mara mbili. Katika hatua hiyo ya ndoto, kiwambo kinachogawa kifua na tumbo kinaendelea kupumua chenyewe, lakini misuli ya katikati ya mbavu imefungwa pamoja na mingine. Hewa inaingia, hufi. Ila ukishikwa na hofu ukataka kuvuta pumzi ndefu kwa nguvu zako, mbavu hazitanuki. Ubongo unatafsiri: kuna kitu kimenikalia.

Na yule wa mlangoni? Sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari imechangamka sana wakati huo. Kengele inalia, adui haonekani, na ndoto bado haijafunga duka. Ubongo unamtengeneza adui. Kila watu wanamvalisha nguo za kwao. Wajapani wanaita kanashibari, kufungwa kwa chuma. Kule Newfoundland, Kanada, ni bibi kizee anayekalia kifua.

Mwaka 2011 Brian Sharpless na Jacques Barber walikusanya tafiti 35 zenye watu zaidi ya 36,000. Wakakuta kama watu 8 katika 100 imewahi kuwatokea maishani. Kwa wanafunzi ilikuwa 28 katika 100, na mwanafunzi, kama mwoka mikate, ni mtu asiye na saa ya kulala. Nilipoisoma ile namba nilikaa kimya muda mrefu. Mimi nilidhani nimechaguliwa peke yangu.

Shifti yangu ndiyo iliyonipeleka. Usingizi wa ndoto una saa zake, unajaa zaidi kuelekea asubuhi. Mtu anayelala saa moja asubuhi baada ya kukesha anaingia karibu moja kwa moja kwenye hatua hiyo, kabla akili haijazima vizuri. Ongeza kulala chali, ambako watafiti wamekuona mara kwa mara kwa wanaokabwa. Mimi vyote nilikuwa navyo.

mjomba_wa_wete

Mwanangu, umenirudisha mbali. Mie ni mtu wa Pemba na mwaka 1995 nilikuwa na akili zangu timamu, darasa la saba. Lile la Popobawa, pepo aliyesemwa kuwaingilia watu usiku, lilianzia kwetu, mwezi wa Februari, katika Ramadhani, likavuka Unguja. Tulilala nje, mikeka imeungana, moto katikati, wanaume pembezoni. Aliyeingiliwa ilimlazimu awatangazie wenziwe, ilisemwa akificha kitamrudia. Kwa hiyo kila asubuhi ilikuwa na habari mpya, na kila aliyezisikia alilala akiwa nazo kichwani.

Mie nilikabwa usiku wa tatu wa kulala nje. Hivyo hivyo ulivyoeleza, macho wazi, nawaona wenzangu wamelala, naona moto, sauti haitoki. Kivuli kikubwa juu yangu. Mpaka leo nikiusikia moshi wa makumbi nakumbuka.

Ila nikwambie, usilipunguze lile likawa usingizi pekee. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, Oktoba ile. Watu walikuwa na hofu nyingine ambazo hazitamkiki, na zikapata pa kutokea. Na kule mjini Unguja umati ulimuua mtu, mgonjwa wa akili, kwa kumdhania ndiye. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kivuli.

MwokaMikate

Mjomba, shikamoo, na ahsante kwa kulileta hili. Nimelisoma mara tatu. Watu mnalala nje kwa siku mfululizo, usingizi wa kukatika, chali juu ya mkeka, hofu inasimuliwa kila asubuhi. Uliyoyataja yote ni yale yale yanayouita mwili ufanye hivyo. Lakini nakubali, hofu ile ilikuwa na mizizi ambayo mtu wa usingizi hawezi kuiona peke yake.

Kuhusu aliyeuawa, ndiyo sababu hasa ya uzi huu. Mimi sikuinua mkono. Nilinyamazia simu tu. Lakini ni njia ile ile.

mama_wa_marangu

Mwanangu Mwoka, nimekusoma kwa makini. Mimi ni mtu wa maombi, nina miaka 61. Je, unatuambia hakuna nguvu za giza? Maana nimewaombea vijana wenye shida hiyo wakafunguliwa, kwa macho yangu.

MwokaMikate

Shikamoo mama. Hapana, siwezi kusema hivyo, na mimi ni Mwislamu ninayeswali. Ghaibu ipo na siijui. Ninachosema ni kuhusu kitu hiki kimoja, kinachokuja mtu akiwa amelala vibaya na kuondoka akilala vizuri.

Na maombi yanasaidia, mama, mimi ni shahidi. Hofu ikishuka usingizi unatulia, usingizi ukitulia hakiji. Sijui kwa nini tunadhani Mungu lazima apite pembeni ya mwili aliouumba mwenyewe. Tunayo hadithi ya al-Baraa bin Azib, Mtume (s.a.w.) alimfundisha akiendea malazi yake atawadhe kama anavyotawadha kwa swala, kisha alalie ubavu wa kulia. Ubavu! Mimi nilifundishwa hivyo nikiwa mtoto, na aliyenifundisha nitamtaja chini.

Ombi langu moja kwako, kwa heshima. Kijana akija umwombee, mwombee. Kisha muulize analala saa ngapi. Na asiondoke kwako na jina la mtu wa kumshuku.

mama_wa_marangu

Hilo la jina nimelipokea. Nalibeba.

JichoLaNdani

Mkuu, umeeleza vizuri ila mnauficha mlango. Hiyo hali ni ya kuamka kiroho. Unapokuwa umefungwa hivyo roho iko tayari kutoka mwilini. Usipigane nayo, legeza, utapaa. Mimi nafanya mazoezi, huu ni mwezi wangu wa pili, nakesha makusudi ili niifikie.

MwokaMikate

Ndugu yangu, nilishaufungua huo mlango, nikwambie nilichokiona.

Baada ya tabibu kunielewesha, siku moja kilinijia na sikupigana. Nilijiambia, ni usingizi, mbavu zimefungwa, hewa inaingia. Nikaacha kuvuta pumzi kwa nguvu, nikaiachia ijiendee. Uzito ukayeyuka. Masikioni kukaja mvumo kama wa mashine ya kukandia ikiwa tupu, mwili ukawa mwepesi, na nikajiona nimepanda mpaka karibu na bati. Nikatazama chini, nikakiona kitanda na mimi juu yake. Nilikiona chumba chote. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata, sitakudanganya.

Saa ya mezani ilisema saa tatu kamili. Kitenge cha dirishani kilikuwa cha kijani.

Nilipoamka niliitazama ile saa kabla ya kitu kingine. Saa nne na robo. Na kitenge changu, kama nilivyosema juu, ni cha kahawia. Niliketi kitandani nikikishika kwa vidole. Chumba nilichokiona kutoka juu kilikuwa kimechorwa na kichwa changu, tena kwa kumbukumbu. Kitenge cha kijani kilikuwa cha dirisha la Muheza.

Mwaka 2002 Olaf Blanke na wenzake huko Geneva walikuwa wanamtibu mama mmoja mwenye kifafa. Walipougusa kwa umeme kidogo upande wa kulia wa ubongo, pale panapounganisha hisia za mwili na mahali ulipo, akasema anaelea na anajiona kitandani kutoka juu. Wakaacha, ikaacha. Wakarudia, ikarudi.

Hii haimaanishi ufahamu si kitu cha ajabu. Ni cha ajabu kuliko tunavyosema. Stephen LaBerge, pale Stanford, miaka ya mwanzo ya 1980, alionesha kwamba mtu aliye katikati ya ndoto anaweza kujua anaota na kutoa ishara kwa macho waliyokubaliana kabla hajalala, huku mashine zikithibitisha amelala kweli. Watawa wa Tibeti wamekuwa wakilifanyia mazoezi jambo hilo kwa karne nyingi. Kwa hiyo ukitaka kujifunza kuzijua ndoto zako ukiwa ndani yake, nenda, ni shamba kubwa. Lakini usikeshe kwa makusudi. Kukosa usingizi kunakuletea maruweruwe, na mtu mwenye maruweruwe anaamini kila kinachompitia. Mimi nimewahi kuunguza trei nzima ya mikate na mkono wangu wa kushoto nikiwa macho wazi, kwa sababu ya usiku tatu mbovu. Kovu ninalo.

JichoLaNdani

Kitenge cha kijani kimenigusa mkuu. Leo nalala. Nitarudi kusoma tena.

binti_korogwe

Kaka Mwoka, umetuacha njiani. Shangazi je?

MwokaMikate

Dada, nilikuwa nalikwepa.

Nilipanda basi kwenda Muheza mwaka huo huo, 2019, mwezi wa Novemba. Nilibeba mikate minne ya kwetu, maana sikujua nibebe nini. Nilimkuta kibarazani anachagua mchele, ungo juu ya mapaja. Alikuwa amekonda. Nikapiga goti nikamwamkia, akaitika, akanionesha mkeka.

Nikamweleza yote. Kukabwa, mganga, laki tatu na nusu, simu. Muda wote hakuinua macho. Vidole vyake vilikuwa vinaendelea, chuya kiganjani, kijiwe kiganjani, anatupa pembeni kuku wanakimbilia. Nilipomaliza alikaa kidogo, akauliza:

"Huyo mtu alinitaja jina?"

Nikasema hapana, alisema mwanamke wa upande wa baba.

"Basi aliyenitaja ni wewe."

Hakuisema kwa hasira. Aliendelea kuchagua mchele.

Ndugu zangu, nimesoma na kusikiliza mengi kuhusu kuamka, jicho la tatu, ufahamu wa juu. Kama kuna kuamka kulikonipata, ni pale barazani. Mganga aliacha nafasi tupu, na mimi nikamweka ndani yake mtu aliyenipenda kuliko wote. Kama ubongo wangu ulivyouweka uso kwenye giza la mlangoni. Kilichokuwa kinanikaba nilikuwa nakiumba kwa vitu vilivyomo kichwani mwangu, usiku na mchana. Tangu siku hiyo najitahidi nikishikwa na hofu au hasira, hata kazini, nikae nayo kidogo kabla sijaipa jina la mtu. Naiona inapanda kifuani, naijua, napumua. Mara nyingine nashindwa. Nimemkaripia kijana wa trei mwezi uliopita kwa kosa langu mwenyewe, nikarudi kumwomba radhi.

Usiku ule shangazi alinitandikia chumba changu cha zamani. Alipoleta taa akanikuta nimelala chali. Akanigusa bega kama alivyokuwa akifanya nikiwa na miaka mitano. "Ubavu wa kulia, nilikufundisha." Nikageuka. Dirishani kulikuwa na kitenge cha kijani, kimepauka.

mjomba_wa_wete

Allah amhifadhi shangazi yako.

kidato_cha_sita

Kaka naomba nisaidie. Niko bweni, tunajiandaa na mtihani, nalala saa nane usiku naamka saa kumi na moja. Kimenitokea jana na juzi. Kuna wenzangu wanasema nina jini mahaba, naogopa kulala. Nifanye nini kikija leo?

MwokaMikate

Mdogo wangu, pole, na huna kasoro yoyote. Saa tatu za kulala kwa mtu wa umri wako ni chache mno, mwili wako unadai deni lake.

Kikija leo, usipigane na kifua wala usijaribu kukaa. Jiambie hewa inaingia, kwa sababu inaingia kweli. Iachie pumzi ijiendee. Kisha peleka nia yote kwenye kidole kimoja, kidole gumba cha mguu, au jaribu kuchezesha macho na ulimi. Kiungo kidogo kikifunguka, mwili wote unafuata. Mara nyingi ni sekunde, chache zinafika dakika mbili tatu, ingawa utaona kama saa nzima. Kikiisha usirudi kulala hapo hapo, kaa, nawa uso, soma dua yako au sala yako, ulale kwa ubavu.

Kuanzia kesho lala saa ile ile kila siku, hata kama kitabu hakijaisha, na usingizi wako usipungue muda wa saa saba. Mweleze matroni. Wambie na hao wenzako, maana katika bweni lenu si wewe peke yako, wengine wanaona aibu.

Nenda kwa daktari kama inazidi, au kama mchana unazidiwa na usingizi hata ukiwa umelala vya kutosha, au magoti yanakulegea ukicheka sana, au wenzako wanasema unakoroma mpaka unakata pumzi. Hivyo vina tiba yake. Vilevile kama moyo umekuwa mzito na huoni raha ya kitu chochote, usikae nalo.

Mimi mwezi huu nipo shifti ya mchana, saa nne usiku nitakuwa nimeshalala. Asubuhi saa kumi na mbili kabla sijatoka nitafungua hapa. Andika ulivyoamka.

kidato_cha_sita

Nimemweleza matroni. Amenihamishia kitanda karibu na dirisha. Nalala sasa.

kidato_cha_sita

Kaka, saa kumi na mbili na dakika tano. Kilikuja. Nilitafuta kidole gumba.